Matangazo Yaliyosomewa Kuta

Kila anayenihoji huniuliza swali lilelile: hofu yote ile unaitoa wapi? Wakishasikiliza podikasti yetu wanategemea niwaambie habari za nyumba iliyohamwa, au ndoto mbaya, au filamu nilizoangalia utotoni nikiwa nimejifunika shuka. Nami huwapa wanachokitaka. Nina majibu ya kuhojiwa kama watu wengine walivyo na vikombe vya wageni. Ukweli nilikuwa nimeufungia kabatini, na leo nautoa kwa sababu nimechoka kusifiwa ubunifu nisiokuwa nao.

Mimi nina hasira tu, na nina Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Kazi yake, tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu, ilikuwa kusoma matangazo ya vifo redioni. Kila siku baada ya taarifa ya habari ya mchana ulipigwa muziki wa taratibu, kisha ikaja sauti yake, tulivu, nzito kidogo, isiyomkimbilia mtu wala kumkimbia. Nchi nzima iliijua. Ukitaka kuelewa nguvu ya sauti, tembea sokoni na mwanamke ambaye akimsalimia muuza nyanya kwa jina lake kamili, muuza nyanya anajishika kifua kwanza kuhakikisha. Jirani yetu mmoja, fundi viatu, alimwomba kabisa amwite "wewe", jina lake aliache lipumzike. Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta, lakini akamheshimu. Alimwita "wewe" miaka yote, mpaka siku alipomsoma.

Hakuwahi kusoma tangazo hewani kabla ya kulisoma nyumbani. Aliyabeba kutoka kazini, akaingia kwenye stoo iliyoko nyuma ya nyumba, katikati ya masanduku na kiti kilichovunjika mguu, akafunga mlango na kuzisomea kuta. Alisema si haki jina la marehemu litamkwe mara ya kwanza mbele ya watu wote na ulimi unaojikwaa. Mimi nilikuwa nakaa kwenye korido na hesabu zangu za shule. Maneno sikuyapata, maana mlango ule ulikuwa mzito. Nilichosikia ni mwendo wake: sauti inapanda, inatua, inanyamaza kidogo, inaanza tena. Hadi leo nikiandika jambo la kutisha huandika kwa mwendo huo. Watu hudhani kinachotisha ni kelele, kumbe kinachotisha ni mtu asiye na haraka.

Halafu kulikuwa na malalamiko. Baada ya kila tangazo hakukosekana ndugu wa marehemu aliyefunga safari kwenda redioni kugomba. Mmetaja mke mdogo kabla ya mkubwa. Mmemsahau mtoto wa nje. Umri si huo, marehemu alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko hivyo. Mama Mkubwa alitusimulia haya wakati wa chakula, akiigiza kila mmoja, tukavunjika mbavu. Siku moja nikamuuliza, je, na marehemu wenyewe wakija kulalamika? Aliacha kutafuna. Kisha akaniambia nile, chakula kinapoa.

Podikasti yetu ilitoka hapo. Inaitwa *Masahihisho*. Msomaji wa matangazo ya vifo yuko peke yake studioni, na mmoja mmoja wale aliowasoma wanakuja kutaka masahihisho. Hawana fujo. Wanabisha hodi, wanakaa, wanasema kwa upole kwamba kuna kosa dogo. Naandika mimi, na sauti za wageni ni za kwangu na za waigizaji wawili watatu ninaowaomba. Anayerekodi na kuhariri ni rafiki yangu wa tangu chuoni tunayemwita Masikio, mtu anayeweza kukuambia friji ya jirani imebadilishwa. Studio yetu ni stoo ileile, tuliyoipigilia mablanketi ukutani. Na msomaji, bila shaka, ni Mama Mkubwa mwenyewe. Alikubali haraka mno. Kustaafu kulikuwa kumemchosha.

Sasa hiyo hasira.

Nilipokuwa darasa la tatu mama yangu alipelekwa hospitali ya mji mwingine, nami nikaachwa kwa Mama Mkubwa kwa muda. Muda ukarefuka. Redio ya nyumbani ikaharibika ghafla, nikaambiwa fundi hajapatikana. Watu wazima waliingia na kutoka wakiongea kwa kunong'ona, wakinipapasa kichwa kuliko kawaida. Mimi nilikuwa na shughuli zangu: nilikuwa namtengenezea mama mkufu wa vifungo vya nguo, na kila siku nilimwelezea Mama Mkubwa nitakavyomvisha akirudi. Aliniambia ni mzuri, niongeze vya bluu.

Aliyenipa habari ni msichana tuliyekaa naye dawati moja. Aliniambia pole. Nikamuuliza ya nini. Akasema, ya mama yako, mbona alitangazwa redioni zamani.

Tangazo alilisoma mwenzake Mama Mkubwa, mwanamume mmoja aliyekuwa akisoma vifo kama anayesoma bei za sukari. Mwanamke aliyewaambia watu wa nchi nzima kuhusu wafu wao hakuniambia mimi kuhusu wangu. Si siku ile, si baadaye. Nilirudi kutoka shuleni nikiwa nimevimba macho, akaona, akajua, akaniwekea maji ya kuoga. Mkufu nikautupa chooni. Tuliendelea kuishi vizuri tu, kwa upendo hasa, na ile sentensi moja haikutamkwa kamwe ndani ya nyumba ile.

Kwa hiyo mkitaka kujua chimbuko la *Masahihisho*, chimbuko ni hilo. Niliandika msimu mzima wa hofu, mgeni baada ya mgeni, ili nifike sehemu ya mwisho, ambapo anayebisha hodi ni dada yake msomaji. Yeye hana kosa la kusahihisha. Anasema tu, "Mimi hukunisoma." Kisha msomaji anachukua karatasi, anasoma. Tangazo lenyewe nililiandika, la mama, na majina yake yote. Nilitaka niisikie sentensi ile kwa sauti ile. Niliona nikishaisikia nitaweza kumsamehe, na kama hataisema sijui ningefanya nini.

Haraka iliingia daktari alipogundua uvimbe kwenye koo la Mama Mkubwa. Alisema kitu chote kinachotoa sauti kitaondolewa. Atakula, atapumua kupitia tundu shingoni, ataishi. Kuongea hataongea. Mama Mkubwa alipokea habari hizo kama alivyopokea kila kitu, akauliza tu kama tumebakiza sehemu ngapi. Nikamwambia moja.

Tulirekodi mchana, watoto wa jirani wakiwa shule. Alikuwa na shali shingoni na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza pembeni, jambo ambalo Masikio alilipenda sana na akaona aibu kulipenda. Tulikaa tukitazamana, kila mmoja na kipaza sauti chake. Sauti ya dada niliiigiza mimi. Tulikwenda vizuri. Kuna mahali dada anamtania msomaji kuhusu viatu alivyomwibia wakiwa wasichana, na Mama Mkubwa akaongeza utani wa kwake ambao sikuuandika, tukacheka kwelikweli. Kisha nikasema maneno yangu: "Mimi hukunisoma."

Alifunua ukurasa. Aliuangalia kwa muda. Akaulaza mezani kifudifudi, kwa upole, asije akachafua sauti.

"Huu siusomi," alisema.

Akanyanyuka na kutoka. Nikamfuata mpaka uani, nimepandwa na mori. Masikio naye akatoka nyuma yetu kuja kuamua, akaufunga mlango wa stoo kwa mazoea na kusahau kuzima mashine.

Uani kulikuwa na nguo zimeanikwa. Alisimama katikati ya mashuka, sioni uso wake vizuri, akaniuliza kama niliandika yote yale kwa ajili ya ukurasa ule mmoja. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia na mengine pia, ambayo hayafai kuambiwa mtu anayekwenda kupasuliwa. Hakujitetea. Alipanga vibanio vya nguo kwenye kamba, kisha akasema:

"Wote niliowasoma mimi, mwanangu, hakuna aliyerudi. Nikaona nisipomsoma yeye, hajafa. Hata stoo sikumsoma. Karatasi yake niliikataa."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye ulikuwa mtu pekee nyumba nzima ambaye mama yake bado yuko hai. Ukianza habari za mkufu wako, nilikuwa nakaa nasikiliza. Nilipenda kukusikia."

Nilijua kwamba hapo ndipo ningepaswa kumkumbatia. Nilikuwa na hasira bado, nikasimama kama mti. Masikio alijikohoza akasema kunataka kunyesha, tukaanua nguo sote watatu. Baada ya siku chache Mama Mkubwa akalazwa.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo moja la kazi yetu. Hakuna chumba kilicho kimya kabisa. Kila kimoja kina mvumo wake: nyaya, bati, hewa chini ya mlango. Kwa hiyo ukimaliza kurekodi unawatoa watu wote, unaacha mashine iendelee kurekodi chumba kitupu. Baadaye unaipa kompyuta kipande cha ukimya huo na kuiambia, hii ndiyo kelele ya chumba, popote utakapoikuta ifute. Inasafisha, sauti za watu zinabaki. Siku ile, kwa sababu ya ule ugomvi wetu, Masikio alipata ukimya mrefu kuliko aliowahi kupata.

Alinipigia simu nikiwa hospitali. Upasuaji ulikuwa umeshafanyika na Mama Mkubwa alikuwa usingizini. Alisema nije stoo nisikie kitu, na hakutania, jambo lililonitia wasiwasi maana Masikio hutania hata misibani.

Nilivaa hedfoni. Akaniwekea sehemu ya mwisho baada ya kuisafisha. Nilisikia sauti yangu, safi kama maji. Nilisema maneno yangu, nikanyamaza. Hakuna aliyenijibu. Nikaendelea, nikanyamaza tena, nikajibu swali ambalo halikuulizwa. Nikafika kwenye ule utani wa viatu, nikasikia kicheko changu peke yangu, ndani ya chumba kisicho na mtu, kikikolea kwa jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Nilimwambia amefuta rekodi ya kipaza sauti cha Mama Mkubwa kwa bahati mbaya. Akanionyesha: hakugusa chochote, na nakala halisi ipo salama. Amejaribu kusafisha kwa kutumia ukimya wa sebuleni kwake, sauti ya Mama Mkubwa ikabaki. Akitumia ukimya wa stoo, inafutika yote, na yangu inaachwa.

"Mashine haifuti kitu ambacho haijaonyeshwa," alisema. "Kama imemfuta yeye, basi yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye chumba kitupu."

Wakati chumba kile kinarekodiwa, Mama Mkubwa alikuwa uani na mimi, katikati ya mashuka. Masikio mwenyewe alikuwepo. Tuliangaliana. Kisha akachukua ule ukimya na kuupandisha sauti, polepole, mpaka mwisho. Mwanzoni ulikuwa mvumo tu. Halafu ndani ya mvumo nikasikia mwendo ninaoujua: unapanda, unatua, unanyamaza kidogo, unaanza tena. Maneno hayakushikika hata moja. Nilivua hedfoni nikaenda kusimama kwenye korido, nikagundua nimesimama hapohapo nilipokuwa nafanyia hesabu, nikarudi haraka.

Masikio alitaka kuifuta. Alisema ana mke na mtoto mchanga, haya mambo yasimfuate nyumbani. Nikamwomba asubiri. Nilijipa maelezo, kama mtu yeyote angefanya. Miaka yote ile alizisomea kuta zile, kila siku ya kazi, majina juu ya majina. Nguo ikikaa jikoni inashika harufu ya moshi, basi na kuta nazo zitakuwa zimeshika kitu. Maelezo hayo yalinitosha mchana kweupe, mradi nisiwe ndani ya stoo.

Mama Mkubwa alirudi nyumbani amekonda, na kitambaa cheupe shingoni kilichotikisika akipumua. Kuongea kwake kukawa kwa midomo. Wageni walihangaika kumwelewa, wakampigia makelele kana kwamba masikio ndiyo yaliyoondolewa. Mimi nilimwelewa tangu siku ya kwanza. Nimeishi naye maisha yangu yote, najua anachotaka kusema kabla hajafika nusu.

Nilimweleza. Sikumficha chochote, nyumba yetu ilikuwa imeshaficha vya kutosha. Alinisikiliza, akanyanyuka, akatangulia yeye kuelekea stoo. Masikio aliwasha mitambo na kusema atakuwa nje akihitajika.

Alikaa kwenye kiti chake. Nilimvisha hedfoni kwa uangalifu, zisiguse kitambaa, nikabonyeza. Alifumba macho. Kwa muda hapakuwa na kitu, ila pumzi yake ikipita shingoni. Kisha midomo yake ikaanza kwenda.

Alikuwa anasoma. Niliyaona majina yakipita midomoni mwake, ya watu niliowajua na nisiowajua. Nilimwona akimsoma mwalimu wangu wa kwanza. Nilimwona akimsoma yule fundi viatu, "wewe", na sasa akimtaja kwa jina lake, akitabasamu kidogo. Hakuwa anafuata, alikuwa anakwenda pamoja na sauti ile, palepale, kama waimbaji wawili wa wimbo mmoja. Aliwakumbuka wote. Woga wangu ulianza kuyeyuka. Nikawaza, kumbe ni hilo tu, ni kumbukumbu ya kazi yake, na haina ubaya.

Midomo yake ikasimama.

Alifumbua macho. Sindano ya kupimia sauti kwenye mashine pale mbele yetu ilikuwa bado inacheza, inapanda na kutua. Sauti ilikuwa inaendelea, na yeye alikuwa amenyamaza. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwake, na kwa midomo akasema, "Si mimi." Akatikisa kichwa, akarudia, "Huyu si mimi." Kisha akavua hedfoni akanivisha.

Safari hii ule mlango mzito haukuwepo. Kila neno lilikuwa wazi, karibu kabisa, kwa sauti yake ya zamani kabla ya mikwaruzo. Lilikuwa jina la mama yangu, lote, likitamkwa bila kujikwaa. Hospitali ikatajwa, na siku. Ikasema marehemu ameacha dada mmoja na mtoto mmoja wa kike. Hayakuwa maneno niliyoyaandika mimi kwenye ukurasa ule. Ya kwangu nilijaza sifa na machozi, haya yalikuwa machache na ya kawaida. Ikanyamaza kidogo, kama ilivyokuwa ikinyamaza siku zote kabla ya kumaliza.

"Habari zimfikie binti yake, popote alipo."

Nilijibu. Nilisema, "Zimenifikia," kwa sauti, ndani ya chumba kile, na sikujua namjibu nani.

Nikazivua hedfoni nikaziweka mezani. Mama Mkubwa alikuwa amesogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana. Aliushika uso wangu kwa mikono miwili akaugeuza umwelekee, nimwone vizuri, na akasema polepole, midomo ikiumba kila silabi, hewa ikitoka bure shingoni: "Mama yako amefariki, mwanangu." Akangoja aone kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Nililia kama mtoto wa darasa la tatu, na yeye akalia bila mlio wowote, tumeshikana, mablanketi ya ukutani yakitusikiliza.

Tulipotulia, stoo ilikuwa kimya isipokuwa pale mezani. Hedfoni zilikuwa zinanong'ona bado. Sauti ile ilikuwa imeshamaliza la mama na kuanza tangazo jingine, inapanda, inatua, haina haraka. Mama Mkubwa alizitazama, nami nikazitazama, na hakuna kati yetu aliyezinyanyua kusikia ni la nani.